Je, wajua kwa nini brashi nyingine za wachoraji ni bapa?

Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walitumia hasa brashi za mviringo, na hawakuwa na hiari kubwa. Nywele zilifungwa kwa uzi au kusokomezwa ndani ya shina la unyoya wa ndege, na kitita ukikikaza kwa uzi lazima kiwe duara. Mambo yalibadilika katika karne ya 19, pete ya bati inayoshika nywele kwenye mpini ilipoenea. Bati hubanwa likawa bapa, na nywele hufuata. Akina Claude Monet huko Ufaransa wakaipokea brashi hiyo mpya kwa mikono miwili: yale madoa mafupi ya rangi katika picha zao, yenye kingo za mraba, mengi ni alama za brashi bapa.

Lakini ya mviringo haikustaafu. Itazame ikiwa imelowa: katikati ina tumbo linalobeba rangi, mbele ina ncha. Gusa karatasi kwa ncha, unapata uzi mwembamba. Kandamiza, tumbo linatanuka. Inua polepole, ncha inarudi. Tayari una jani zima kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana watu wa rangi ya maji hawaiachi.

Bapa nayo ina sura tatu. Ilaze, inafunika eneo pana. Isimamishe kwa ukingo, inachora mstari ulionyooka. Tumia kona yake, unaweka nukta. Ubaya wake ni hizo kona, kwani huacha alama kali mahali usipotaka, kama kwenye shavu la mtu unayemchora. Hapo huja brashi bapa yenye ncha iliyoviringwa kama ukucha. Ningeruhusiwa kubaki na brashi moja tu, ningechukua hiyo.

Iko pia nyembamba yenye nywele ndefu kupita kiasi. Mabaharia wangeielewa haraka: iliundwa kwa kuchora kamba za merikebu. Nywele ndefu hubeba rangi ya kutosha mstari mrefu bila kurudi kuchovya katikati ya safari. Ya umbo la upepeo hulainisha mipaka ya rangi mbili mbichi, ingawa wanaoanza huitumia kupiga majani ya miti mpaka miti yote ikafanana.

Umbo pekee halitoshi bila nywele zinazofaa. Rangi nzito ya mafuta hutaka nywele ngumu za nguruwe, ambazo ncha zake hupasuka zenyewe na hivyo kushika rangi vizuri. Na ile iitwayo brashi ya nywele za ngamia? Haina hata unywele mmoja wa ngamia. Mara nyingi ni za kindi.

Kinachoua umbo haraka ni rangi kukauka ndani ya pete: nywele hutawanyika na ncha hairudi tena. Basi usichovye hadi kwenye bati, wala usiisimamishe brashi kichwa chini ndani ya glasi ya maji. Ioshe, inyooshe kwa vidole, kisha ilaze ikauke.