Kompyuta ya sono: maneno ya sokoni na ukweli wa jukwaani

Ukitaka kununua kompyuta ya sono, yaani kazi ya sauti, hapa Lubumbashi, washauri hawakosekani: wa kanisani Katuba, wa ukumbi wa harusi, na muuzaji wa mashine za okazi (zilizokwisha tumika) mwenyewe. Wengi watakuambia habari za kasi. Kasi ni nzuri, ila mtu wa sono anahitaji kwanza mashine isiyochelewa hata mara moja.

"Viini vingi na gigahezi nyingi, basi umemaliza"

Kompyuta hushughulikia sauti fungu kwa fungu. Ukubwa wa fungu huitwa bafa, na huhesabiwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti. Ukiweka bafa ya sampuli 128 na kurekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, prosesa (ubongo wa kompyuta) ina milisekunde 2.7 tu kumaliza fungu moja kabla lingine halijafika. Ikichelewa mara moja kati ya maelfu, spika zinatoa "krr" na pasta anageuka kukutazama. Tena sauti ya mwimbaji mmoja hupita kwenye virekebisha sauti kwa foleni: ikwalaiza, kisha kompresa, kisha mwangwi; cha pili hakianzi kabla cha kwanza hakijamaliza. Mnyororo huo kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja, yaani sehemu moja ya prosesa, hata kama mashine ina viini 12. Kwa hiyo tazama nguvu ya kiini kimoja, kisha uulize inadumu muda gani. Kompyuta nyembamba nyingi hukimbia dakika chache za mwanzo, zikipata joto zinajipunguza zenyewe. Oktoba ya hapa, chini ya hema la harusi, namba iliyoandikwa kwenye kibandiko haikusaidii kitu.

"Sauti ikikwaruza, prosesa ni dhaifu"

Mara nyingi mkosaji ni draiva, programu ndogo inayoendesha kifaa: ya Wi-Fi, ya kadi ya picha, au ile inayosimamia betri. Inaishika prosesa kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopaswa, na fungu la sauti linapitwa na wakati. Kwenye Windows, programu ya bure ya LatencyMon itakuonyesha ni ipi. Kabla ya ibada zima Wi-Fi na Bluetooth, ondoa mpango wa kubana umeme, na tumia draiva ya ASIO (ya sauti isiyochelewa sana) iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako ya sauti ya nje. Nimeona watu wakiuza mashine nzuri kwa sababu ya kitu kinachozimwa kwa kubofya mara moja.

"Ucheleweshaji lazima uwe sifuri"

Hewa yenyewe huchelewesha. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo mpiga ngoma aliye mita 3 kutoka kwenye spika yake anaisikia baada ya karibu milisekunde 9, wala halalamiki. Na kama kompyuta inapiga tu muziki wa kusindikiza kwaya, weka bafa ya 512 utulie: inachelewesha zaidi, ila inaipa prosesa muda.

"Intel ina matundu ya usalama, nunua AMD"

Intel na AMD ni watengenezaji wa prosesa, na maneno haya yana mzizi wa kweli. Januari 2018 ilitangazwa mianya miwili, Meltdown na Spectre. Prosesa za kisasa hubashiri kazi inayofuata na kuianza mapema. Ubashiri ukikosea hufutwa, lakini huacha alama ambazo programu mbaya inaweza kuzisoma na kuiba siri kama nywila. Meltdown iligusa hasa Intel. Spectre iliwagusa wote, AMD na ARM wakiwemo, na mwaka 2023 mwanya wa Zenbleed ulipatikana kwenye prosesa za AMD za kizazi cha Zen 2. Anayekuambia kuna kampuni safi kabisa anataka kukuuzia alichonacho.

Mianya hiyo haiharibu sauti. Kinachoulizwa na watu wa sono ni gharama ya kinga, yaani masahihisho yanayoziba mianya lakini yanaweza kupunguza kasi, na hapo umri wa mashine una neno. Microsoft ilieleza mwaka 2018 kwamba kompyuta zenye prosesa za Haswell au za zamani zaidi ndizo zingepungua kasi kwa kuonekana zaidi. Haswell ni kizazi cha nne cha Intel, na mashine za rika hilo bado zinauzwa kama okazi. Hata hivyo kinga hizo huuma zaidi pale programu inapoita mfumo endeshi mara kwa mara, kama kwenye diski na mtandao. Hesabu za ndani za ikwalaiza haziguswi sana. Mfumo endeshi wa Linux unaruhusu kuzima kinga zote kwa agizo moja. Kwa mashine isiyoingia mtandaoni kamwe naweza kukuelewa, lakini pima kwanza kama kuna ulichopata. Kwa ile unayofungulia pia barua pepe na akaunti ya pesa, usithubutu.

Hatari iliyo karibu zaidi ni flashi ya msanii mgeni aliyeleta muziki wake dakika kumi kabla ya kupanda jukwaani, pamoja na zile plagini (programu za kuongeza kwenye programu ya sauti) za wizi ambazo kila mtu anazo na hakuna anayekiri. Wanaohofia Spectre huku wakichomeka kila flashi wananishangaza. Kumbuka pia kwamba Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hudai, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu. Hiyo ndiyo sababu nzito ya kuacha kizazi cha nne.

"Mngurumo kwenye spika ni ubovu wa kompyuta"

Chomoa chaja, laptopu ibaki kwenye betri. Mngurumo ukikoma, tatizo liko kwenye chaja au waya wa ardhi. Tafuta kisanduku cha DI (kinachounganisha kompyuta na mikisa) chenye transfoma, na usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi. Betri hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nipendelee laptopu kwa kazi za hapa: umeme ukikatika kabla jenereta haijawashwa, laptopu na kadi ya sauti inayokula umeme wa USB vinaendelea, wakati kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) inaanza upya mbele ya watu.

Dukani, nenda na kadi yako ya sauti na mradi wako halisi. Ucheze kwa nusu saa kwenye betri, kisha nusu saa kwenye chaja, huku umeshika upande wa feni. Muuzaji akikunyima saa hiyo moja, mwachie mashine yake.