“Nikiumwa nitajua”: dhana potofu kuhusu vipimo vya afya vya watu wazima

Kauli hii naisikia karibu kila wiki, na anayeitoa huwa na uhakika kabisa: “Daktari, presha yangu mimi naijua. Ikipanda kisogo kinabana na masikio yanavuma. Leo haipo.” Anasema hivyo mkono wake ukiwa bado haujafungwa mashine. Tunapima: 174/102. Anapumzika, tunarudia, tofauti ni ndogo. Anachouliza ni kama mashine ni nzima.

Nimeisikia kwa vijana na kwa wazee, kwa wasomi na kwa wasio na shule, na imenichosha kwa sababu naona inakoishia. Dhana potofu kuhusu vipimo ziko nyingi, nyingine nitazigusa hapa, ila hii ya “nikiumwa nitajua” ndiyo inayowafikisha watu kwenye kiharusi na kwenye mashine za kusafisha damu wakiwa bado wana nguvu zao.

“Presha ikipanda nitajisikia”

Hapana. Presha ya juu kwa kawaida haiumi. Haipandi kwa siku moja. Inapanda taratibu kwa miaka, na mwili unaizoea kadiri inavyopanda. Mishipa inayolisha ubongo hujirekebisha ili ipitishe damu kiasi kilekile, kwa hiyo mwenye 160 anaamka vizuri, anakula vizuri, anakwenda kazini. Wakati huohuo misuli ya moyo inanenepa kwa kusukuma kwa nguvu, vichujio vya figo vinakufa kimoja baada ya kingine, na mishipa midogo nyuma ya jicho inasinyaa. Yote hayo yanatokea bila maumivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Watu hao hawakuzembea kuisikiliza miili yao. Hapakuwa na cha kusikiliza.

Kichwa kinauma kwa sababu mia: usingizi, kiu, macho, mawazo. Wengi wanaoumwa kichwa presha yao ni ya kawaida, na wengi wenye presha ya juu kichwa hakiwaumi. Maumivu yanayoletwa na presha yenyewe huja ikishapaa sana, kuanzia 180/120 kwenda juu, na mtu wa namna hiyo anapaswa kukimbizwa hospitali.

Rais Franklin Roosevelt wa Marekani ni mfano ulioandikwa vizuri. Mwaka 1937 presha yake ilikuwa 162/98. Machi 1944 daktari wa moyo Howard Bruenn alimkuta na 186/108, na moyo umeshaanza kushindwa kazi. Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alilalamika kwamba kisogo kinamuuma vibaya mno. Presha ilipopimwa ilikuwa 300/190, na alasiri hiyohiyo akafariki kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Kisogo ambacho wagonjwa wangu wanakisubiri kiwape taarifa, yeye kilimpa siku ya kufa. Enzi zake hapakuwa na dawa za maana za kushusha presha. Leo zipo, tena za aina nyingi, na ndiyo maana huku kusubiri kunaniudhi.

Dhana hiyohiyo inawafuata watu hata baada ya kugundulika. Anameza kidonge siku kisogo kikibana, kikiachia anaviweka. Kidonge cha presha si cha kutuliza kisogo. Kinamezwa leo, mtu akiwa mzima, ili kiharusi kisije miaka mitano mbele.

Na kipimo chenyewe kina adabu zake, ambazo hata sisi tunaopima mara nyingi tunazipuuza kwa haraka. Kojoa kwanza. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, usikunje nne. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, sio juu ya sweta. Nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa, umevuta sigara au umefanya mazoezi. Usiongee, na anayekupima asikusemeshe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko iliyopo. Ukiona umepimwa ukiwa umesimama, mkono unaning’inia, huku unaulizwa jina na umri, omba kwa heshima urudiwe. Una haki hiyo.

Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Tunataka 140/90 au zaidi, siku tofauti. Wataalamu wa moyo wa Marekani tangu 2017 wanaanzia 130/80. Wapo ambao presha inapanda kwa kumwona daktari tu. Kwa hao, na kwa kila mwenye uwezo, ninachoshauri siku zote ni mashine ya nyumbani ya kufunga juu ya kiwiko, sio ile ya kifundo cha mkono. Pima asubuhi na jioni kwa siku saba, kila mara mara mbili, uandike kwenye daftari namba zote, hata zile usizozipenda. Daftari hilo linanisaidia kuliko namba moja ninayoipata mimi mezani. Kuanzia miaka 18, kama namba ni nzuri na huna kihatarishi, kila miaka 3 hadi 5 inatosha. Ukifika 40, au mapema zaidi kama una uzito mkubwa au presha ipo kwenye ukoo, pima kila mwaka.

Sukari nayo ni vilevile. Watu wanasubiri kiu na kukojoa usiku, lakini dalili hizo huja sukari ikiwa imepanda sana, na kisukari cha aina ya pili kinaweza kukaa miaka mwilini bila hata moja. Na tafadhali, “mimi mwembamba” sio kipimo. Uzito unaongeza hatari, ila wembamba wanaougua wapo, na ndio wanaochelewa kugundulika kwa sababu hawajidhanii. Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri kila mtu aanze kupima akifika 35, hata kama hana kihatarishi, na arudie angalau kila miaka 3 majibu yakiwa mazuri. Sukari iliyopimwa kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, au HbA1c (wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita) ikifika asilimia 6.5, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 ndiyo nafasi ninayoipenda kuikuta, kwa sababu mtu bado anaweza kugeuza njia kwa mazoezi na kupunguza uzito.

“Basi nipimie kila kitu”

Huyu amekimbilia upande wa pili. Anataka damu yake itoe majibu ya mwili mzima, pamoja na “vipimo vya kansa vyote”. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kila kitu. Alama za saratani kama CEA na CA 125 zina kazi kwa mgonjwa aliyekwisha kugundulika. Kwa mtu mzima asiye na dalili zinapanda kwa sababu nyingine nyingi, na zinaweza kubaki chini saratani ikiwepo.

Kupima bila mpango kunaumiza watu. Korea Kusini ilianza mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani mwaka 1999, na hospitali nyingi zikaongeza altrasaundi ya tezi ya shingo kwa malipo kidogo. Kufikia 2011, saratani ya tezi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993. Vifo havikupungua. Maelfu ya watu walipasuliwa kwa vivimbe vidogo ambavyo visingewasumbua maisha yao yote, na wengi wao wakabaki wanameza homoni kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, mwulize daktari wako: majibu yakiwa hivi tutafanya nini, na yakiwa vile tutafanya nini? Ikiwa majibu yote mawili yanatupeleka palepale, kipimo hicho hakina kazi. Swali hili ninawasisitizia wagonjwa wote, na sikasiriki wakinigeuzia mimi.

Vinavyofaa vinajulikana, ingawa nchi zinatofautiana kidogo kwenye umri. VVU, angalau mara moja kwa kila mtu mzima, na mara kwa mara kwa aliye kwenye hatari; homa ya ini ya B na C vilevile mara moja. Lehemu (kolesteroli) kuanzia ujana, kwa uhakika kufikia 40. Mamografia (eksirei ya matiti) kila miaka 2: Marekani wanaanza 40, Shirika la Afya Duniani linasisitiza 50 hadi 69. Saratani ya utumbo mpana kuanzia 45 au 50. Macho ukifika 40, kwa sababu glakoma inakula uoni wa pembeni bila maumivu. CT skani ya mapafu ya mionzi kidogo kila mwaka ni kwa wavutaji wa muda mrefu wenye miaka 50 hadi 80, pamoja na walioacha ndani ya miaka 15 iliyopita, wengine haiwahusu. Wanawake wakifika 65, mifupa. Wenye presha au kisukari, wa umri wowote, figo kila mwaka: kreatinini kwenye damu na protini kwenye mkojo, vyote viwili.

Nyingine, kwa kifupi

“Ukoo wetu hauna kansa.” Vizuri, lakini karibu nusu ya saratani za matiti zinawapata wanawake wasio na kihatarishi kingine zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri. Historia ya ukoo inatuambia nani aanze mapema. Haimpi mtu ruhusa ya kutoanza. Halafu wengi hawaijui historia yenyewe. Waulize shangazi na mama wadogo waliobaki, mtu alikufa kwa nini na akiwa na umri gani.

“Shingo ya kizazi ni kwa wenye wanaume wengi.” Dhana hii inawafungia nyumbani kwa aibu wanawake walioolewa na mume mmoja. Virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, vinawapata watu wengi sana waliowahi kujamiiana, na vinaweza kukaa kimya kwa miaka. Kuanzia maambukizi hadi saratani mara nyingi ni miaka 15 hadi 20, kwa hiyo muda wa kuikamata ni mrefu. Kipimo cha HPV kianze miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU kianze 25, kila miaka 3 hadi 5. Siku hizi mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani. Aliyechanjwa naye apime. Aliyefunga hedhi naye, kama hajawahi kupima, asijitoe.

“Kipimo cha utumbo ni kuingiziwa mpira tu.” Kuna kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, unachukua sampuli nyumbani, unarudia kila mwaka. Kikionyesha damu, hapo ndipo kolonoskopi, yaani huo mpira wenye kamera, inapohitajika, na hapo usikwepe.

“Tezi dume ni kidole, siendi.” Tunaanza na damu, kupima PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume), na kidole si lazima. Ila PSA inapanda pia kwa maambukizi na kwa tezi iliyokua tu kwa umri, kwa hiyo namba kubwa haimaanishi saratani moja kwa moja. Kati ya miaka 55 na 69 kaa na daktari mzungumze faida na hasara, kisha uamue. Mwanamume mweusi, au ambaye baba au kaka yake aliugua, aanze mazungumzo hayo akiwa na 45.

“Mwaka jana nilikuwa safi.” Majibu safi yana muda wake, na yana mipaka. Vipimo hivi vyote ni vya mtu asiye na dalili. Ukipapasa uvimbe kwenye titi, mamografia ya mwaka jana haikulindi. Ukiona damu kwenye choo, ukitokwa damu baada ya kufunga hedhi au baada ya tendo, ukipungua uzito bila kukusudia, hausubiri zamu ya miaka miwili wala kumi. Nenda wiki hii, na usiseme umekuja kucheki afya. Taja dalili yenyewe, tangu lini na mara ngapi, ili upangiwe vipimo vya mgonjwa.