Mueda haukuwa mji wa FRELIMO

Jumamosi nilikuwa Shimo la Mungu, Newala, na wanafunzi wa kidato cha tatu. Kulikuwa kweupe, bonde zima la Rovuma linaonekana mpaka ng'ambo. Mmoja akanyoosha kidole kusini: "Mwalimu, kule ndiko Mueda, mji wa FRELIMO uliokombolewa wakati wa vita." Mueda iko kaskazini mwa Msumbiji, na FRELIMO ndicho chama kilichopigana na Mreno kudai uhuru wa nchi hiyo. Kijana simlaumu, ndivyo alivyofundishwa. Lakini maneno hayo nimeyasikia msibani, nimeyasikia kwenye basi la Masasi, nimeyasikia kwa walimu wenzangu. Yamenichosha.

Kwanza, ile siku ya mauaji ya Mueda, ambayo nayo hupewa FRELIMO. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Mreno pale Mueda. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka huku Tanganyika kwenda kuongea na watawala, walikamatwa. Umati ukagoma kutawanyika, ukamiminiwa risasi. FRELIMO ilikuwa wapi siku hiyo? Haikuwepo. Ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, miaka miwili na siku tisa baadaye.

Wale wawili walitoka kwenye vyama vya Wamakonde waliokuwa wakiishi huku. Wengi wa watu hao walivuka Rovuma kukimbia kazi za shuruti na pamba ya kulazimishwa, wakaenda kukata mkonge Lindi na Tanga. Tunawaita Wamawia, mara nyingi kwa dharau, kisha tunawanyang'anya hata siku yao na kukipa chama ambacho hawakukijua. Hilo linaniuma kuliko kosa la tarehe.

Idadi ya waliokufa ni jambo lenye ubishi, na siwafichi wanafunzi wangu. FRELIMO husema 600 hivi. Wapo wanahistoria waliopitia nyaraka za Wareno wanaosema ni wachache kuliko hao, tena kwa mbali. Hata walichokwenda kukidai hakina kauli moja: wengine husema uhuru kamili, wengine husema ruhusa ya kurudi makwao waishi bila shuruti. Mimi naona kwa mtu aliyekimbia pamba ya Mreno, mambo hayo mawili hayakuwa mbali sana.

Sasa vita yenyewe. Ilianza mahali paitwapo Chai, huko huko kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Septemba 1964. Nachingwea na kambi yake ya mafunzo ya FRELIMO kila mtu wa huku anaijua, naipita. Tatizo ni neno "kukombolewa". Watu wakisikia maeneo yaliyokombolewa wanafikiria mji, bendera, ofisi. Maeneo hayo yalikuwa porini na vijijini. Mueda mjini alikaa Mreno, na jeshi lake na uwanja wake wa ndege, tangu vita inaanza mpaka inakwisha. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipoanzisha operesheni yake kubwa ya kusaka kambi za FRELIMO kwenye uwanda wa Mueda, Mueda ndipo majeshi yake yalipotokea. Barabara ya kutoka Mocímboa da Praia ilijaa mabomu ya kutegwa, misafara ikitambaa, askari mbele wakichokoachokoa ardhi kwa fimbo. Lakini mji haukuanguka.

Mzee mmoja wa Newala, aliyewahi kuwabebea FRELIMO mizigo ya risasi kichwani kutoka Rovuma kwenda ndani, alinionyesha jambo hili vizuri kuliko ramani yoyote. Alichukua kijiti akachora duara dogo mchangani, dogo kama sahani. "Hapa Mreno." Akazungushia vistari, seng'enge. Pembeni akaweka kokoto chache: vijiji ambako Mreno aliwarundika watu ndani ya seng'enge wasiwalishe wapiganaji. Halafu akafuta kwa kiganja eneo lote lililobaki, pana kuliko mkeka. "Huku kote sisi, mwanangu." Huko walilima muhogo alfajiri kabla ndege hazijaruka, na korosho na vinyago vilibebwa kuja kuuzwa upande huu.

Nikamuuliza aliingia lini Mueda mjini. Akacheka, akasema ndege za Mreno alizisikia zikitua pale miaka yote ya vita, ila soko la mji hakuliona kwa macho mpaka mkataba wa Lusaka wa tarehe 7 Septemba 1974, wa Mreno na FRELIMO kumaliza vita, uliposainiwa. Aliingia kwa miguu, mchana, akanunua chumvi.