Shavu la mguu lililobeba msimu wa Pacers

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, Juni 23, 2025, saa tisa na dakika zake. Huku Nairobi watu wamelala, kule Oklahoma City bado ni Jumapili jioni. Nilikuwa nimezima sauti ya televisheni nisije nikaamsha watoto, na chai imeshapoa. Mechi ya saba ya fainali ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mechi ya kuamua bingwa, robo ya kwanza. Tyrese Haliburton wa Indiana Pacers alikuwa amefunga mitupo mitatu ya pointi tatu ndani ya dakika saba hivi. Akapata mpira, akarudisha mguu wa kulia nyuma ili ajisukume kuelekea kikapuni, akaanguka. Hakuguswa na mtu. Akalala pale akipiga sakafu kwa kiganja.

Waliporudia picha, nadhani wengi walitazama uso wake. Mimi nilitazama shavu la mguu. Nyama yote ya nyuma ya mguu ilitikisika kama maji ndani ya mfuko, na hapo mtu wa fiziotherapia hahitaji tena kuambiwa na mtangazaji. Kano ya kisigino imekatika.

Hata hajainuliwa, simu yangu ikaanza kuwaka. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa mchezaji mmoja wa ligi yetu ninayemhudumia: "Daktari, si walijua huo mguu uko na shida? Mbona wakamwachilia acheze?"

Nimeulizwa swali hilo tangu siku ile mara nyingi kuliko ninavyoulizwa kuhusu maumivu ya mgongo, na kwa mji wenye msongamano wa magari kama huu, hilo si jambo dogo. Kulijibu vizuri lazima nirudi mwanzo wa msimu.

Msimu ule ulianza kwa kisigino. Mechi ya kwanza kabisa, Oktoba 2024 dhidi ya Detroit, James Wiseman wa Pacers alikatika kano. Siku chache baadaye, Isaiah Jackson naye, kano hiyo hiyo. Wote wawili ni watu warefu wa kusaidia chini ya kikapu, na wote wakawa wamemaliza msimu kabla haujaanza kunoga. Kufika mapema Desemba, Pacers walikuwa wameshinda mechi 10 na kupoteza 15, na hakuna aliyewataja. Mechi 57 zilizobaki walishinda 40. Wakamaliza na ushindi 50, nafasi ya nne upande wa Mashariki.

Walifanyaje? Walikimbia, ila si mbio za kukurupuka. Haliburton mwenyewe si mtu wa kasi ya kutisha. Kasi yake iko kwenye mpira. Mpinzani akifunga, mpira unatolewa wavuni na kurushwa mbele kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Msimu ule alitoa wastani wa pasi 9.2 za kuzaa vikapu kwa mechi huku akipoteza mpira chini ya mara mbili, na kwa mtu anayecheza haraka hivyo, hiyo ni hesabu ya ajabu. Pascal Siakam, mzaliwa wa Douala, alikuwa akianza kukimbia wakati wenzake bado wanaruka kugombea mpira. Kocha Rick Carlisle alizungusha watu kumi hivi, akimtoa huyu akimwingiza yule. T.J. McConnell akitoka benchi anambana mpinzani kuanzia chini ya kikapu chake mwenyewe, mita moja baada ya nyingine, kama kondakta anayedai nauli.

Mchezo wa namna hiyo hauonyeshi matunda robo ya kwanza. Unaonyesha dakika mbili za mwisho, mpinzani akiwa ameshika magoti. Kwenye mchujo, dhidi ya Milwaukee Bucks walikuwa nyuma kwa pointi saba, muda wa nyongeza umebaki chini ya dakika moja, wakashinda 119 kwa 118. Cleveland, waliokuwa na ushindi 64 msimu mzima, walipigwa 120 kwa 119 kwa mtupo wa Haliburton ikiwa imebaki sekunde moja na kitu.

Ile ya New York ndiyo niliyoirudia mara nyingi. Knicks wako mbele kwa pointi 14, zimebaki chini ya dakika tatu, mashabiki wa Madison Square Garden wameshaanza sherehe. Aaron Nesmith wa Pacers akaanza kurusha kutoka mbali, inaingia, inaingia tena. Mwishoni Haliburton akaachia mtupo. Mpira ukagonga chuma, ukapaa juu ukapita hata ubao, ukarudi chini wavuni. Akajishika koo kuwakejeli wapinzani, akidhani amemaliza kazi. Kumbe ncha ya kiatu ilikuwa juu ya mstari: ni pointi mbili, wako sare. Ikabidi wacheze muda wa nyongeza, wakashinda 138 kwa 135. Halafu katika mechi ya kwanza ya fainali, dhidi ya Oklahoma City Thunder walioshinda mechi 68 msimu ule, Haliburton akafunga ikiwa imebaki sekunde 0.3. Pacers walikuwa mbele kwa sekunde hizo tu katika mechi nzima: 111 kwa 110.

Watu waliita bahati. Mimi niliona miguu. Na ukiitazama miguu, kila hatua ya kujisukuma mbele inatoka sehemu moja: shavu la mguu.

Pale nyuma kuna misuli miwili. Mmoja uko juu, ndio unaoonekana umetuna kwa wanariadha. Mwingine ni mpana, umelala chini yake, na ndio unaofanya kazi ya kuchosha siku nzima bila sifa. Yote miwili inaungana kuwa kano moja nene inayoshika mfupa wa kisigino. Kano hiyo ni kama raba ya manati: mguu ukikanyaga inavutika na kuhifadhi nguvu, ukiinuka inaiachilia. Ukikimbia inabeba mzigo unaofika mara sita hadi nane ya uzito wako. Ndiyo kano yenye nguvu kuliko zote mwilini, lakini ina kipande cha sentimita chache juu ya kisigino ambapo damu haifiki vizuri, na hapo ndipo inapopenda kukatika.

Inapokatika, mtu huhisi amepigwa teke kwa nyuma. Nimewahi kumhudumia mzee mmoja aliyetaka kupigana na mwenzake uwanjani kwa sababu hiyo. Mwenzake alikuwa hatua tano mbali. Kuthibitisha si kazi ngumu. Unamlaza mtu kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda, unaminya shavu la mguu kwa kiganja kizima. Mguu usio na jeraha ukiuminya, unyayo unajisogeza wenyewe kama mtu anayekanyaga breki. Ule uliokatika unauminya, unyayo umetulia tuli. Wagonjwa wengi hugeuza shingo kuniangalia wakati huo, na sura yangu huwaambia kabla sijafungua mdomo.

Sasa turudi kwenye swali. Juni 16, mechi ya tano ya fainali, Haliburton aliumia shavu la mguu wa kulia. Aliendelea kucheza, akarusha mara sita bila kuingiza hata moja. Siku tatu baadaye alicheza mechi ya sita kwa dakika 23 tu, akafunga 14, Pacers wakashinda 108 kwa 91. Kisha ikaja ya saba, na mguu ni ule ule.

Je, shavu lililoumia ndilo lililokata kano? Hapa wenzangu wengi mtandaoni walikuwa na uhakika ambao mimi sina. Ni kweli Kevin Durant, nyota mwingine wa NBA, mwaka 2019 alikaa nje mwezi mzima kwa sababu ya shavu la mguu, akarudi mechi ya tano ya fainali, akakatika kano. Matukio mawili yanayofanana kiasi hicho yanakutia wasiwasi, na maelezo yapo: msuli wenye maumivu unachoka mapema, na kazi ambayo ungeifanya wenyewe unaitupia kano. Lakini msimu ule wa 2024-25 wachezaji saba wa NBA walikatika kano hii, wakiwemo Damian Lillard na Jayson Tatum katika mchujo wa mwisho, na huwezi kuwapa wote saba sababu moja. Wengine wanalaumu mechi 82 za msimu, wengine viatu, wengine mtindo wa kurudisha mguu nyuma kabla ya kuondoka. Huo wa mwisho naupa uzito zaidi, maana ndilo pozi lenyewe: kisigino chini, goti linanyooka, mwili unaruka mbele, kano imevutwa hadi mwisho.

Kwa hiyo nilimjibu yule mchezaji wangu usiku ule ule: ningemwachilia. Nilijua angekasirika, na alikasirika. Lakini fikiria. Mtu mzima wa miaka 25, mechi ya saba, klabu ambayo haijawahi kutwaa taji la NBA na ambayo kabla ya hapo ilifika fainali mara ya mwisho mwaka 2000. Ana madaktari, ana picha za ndani ya mguu, ameelezwa hatari. Ana mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya dola milioni 200, na mshahara unaingia hata akiwa kitandani. Alifanyiwa upasuaji bila kuchelewa, ikatangazwa atakosa msimu wote unaofuata, na mwenyewe aliandika kwamba angerudi nyuma angefanya vile vile. Namwamini. Pacers walipoteza 103 kwa 91, na gharama ya uamuzi ule waliilipa wale wale walioufanya.

Hapa kwetu gharama inalipwa na mtu mmoja. Nalijua hilo kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nahudumia timu moja ya hapa mjini. Mlinzi wetu alikuwa na shavu la mguu linalouma tangu wiki iliyotangulia, na tulikuwa na mechi ya mchujo Jumapili. Nilimpima haraka haraka kwenye benchi, watu wanapita, muziki juu. Nikamfunga bandeji ya kunata, nikamwambia kocha, "Uamuzi ni wako." Leo sentensi hiyo siisemi tena. Robo ya pili msuli ulichanika. Kano ilinusurika, lakini kijana alikaa nje miezi minne. Timu ilikuwa ikiwalipa marupurupu ya mechi tu, asiyecheza hapati. Mchana alikuwa na kibarua cha kupakua mizigo, nacho kikaisha kwa sababu hawezi kusimama. Alinipigia mara mbili kuniuliza kama kuna zoezi la kuharakisha. Hakunilaumu hata kidogo, na ingekuwa rahisi kwangu kama angenilaumu.

Tangu hapo napima kabla ya siku ya mechi, na napima kwa ngazi. Simama kwa mguu mmoja kwenye kidato, kisigino kinaning'inia, vidole viwili ukutani kwa ajili ya mizani tu. Inuka hadi juu kabisa, shuka taratibu. Mchezaji mzima nataka afike 25 au zaidi kwa kila mguu, bila kukunja goti na bila kujirusha. Nahesabu mimi, si yeye, maana wachezaji wana hesabu zao. Tofauti kati ya mguu na mguu inanieleza mengi kuliko maumivu, kwa sababu maumivu wanayaficha.

Naangalia pia mambo ambayo vitabu vya Marekani havina. Kijana anafanya mazoezi wiki nzima kwenye saruji ya mtaani, Jumamosi anapelekwa kwenye mbao za Nyayo au Kasarani, na kano yake inalazimika kujifunza sakafu upya ndani ya dakika kumi za kupasha mwili. Tena kabla ya hapo amekaa saa moja na nusu kwenye matatu Barabara ya Thika, magoti kifuani, visigino vimekunjwa. Anashuka akikimbia kwa sababu amechelewa. Nimewaambia makocha: anayechelewa asianze mechi. Wengine wamekubali, wengine wananiita daktari wa maneno mengi.

Asubuhi ile ya Juni 23, sijalala hata saa mbili, nilikuta kijana wa miaka 20 anasubiri mlangoni kwangu. Shavu la mguu wa kushoto, siku tano sasa. Alikuwa ameona video ya Haliburton kwenye simu akiwa ndani ya matatu, akateremka vituo viwili kabla ya kazini kwake. Nilimlaza kwanza, nikaminya. Unyayo ukasogea, naye akashusha pumzi. Nikampeleka kwenye ngazi. Kulia 26. Kushoto 11, na za mwisho tatu alikuwa anajidanganya kwa goti.

"Na Jumamosi, daktari?"

"Jumamosi utakaa benchi na maji ya kunywa."

Akasema kocha atampigia jioni, na kwamba huyo kocha si mtu wa kuambiwa hapana. Nikachukua simu yake nikaandika namba ya kocha kwenye yangu, nikampigia pale pale, kijana amesimama bado kwenye kidato na soksi moja.

Simu ikaita mara nne.