Je, wajua kwa nini limfoma, aina ya saratani, inaweza kupoozesha miguu bila kuvunja hata pingili moja ya mgongo?

Mgonjwa wa limfoma analalamikia mgongo kwa wiki kadhaa. Anapigwa eksirei, mifupa inaonekana mizima, anapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Siku chache baadaye miguu inakuwa mizito, kisha anashindwa kuinuka kitini. Kama mifupa ni mizima, miguu imepatwa na nini?

Jibu limo katika njia inayopitiwa na saratani hii. Saratani za matiti, tezi dume na mapafu zikifika mgongoni, kwa kawaida hukaa ndani ya mfupa wenyewe na kuuharibu. Pingili ikibomoka, hubanwa ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda wa neva unaopita ndani ya mfereji wa mifupa ya mgongo na kuunganisha ubongo na miguu. Limfoma nayo ni saratani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, na hupenda kujikusanya kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba shingoni au kwapani watu huziita mitoki. Tezi hizo zipo pia ndani ya kifua na tumbo, kandokando ya uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili, kila upande, kuna kitundu ambamo mshipa wa fahamu hutokea. Uvimbe wa limfoma hujipenyeza humo, ukaingia kwenye mfereji wa mifupa na kutanda nje ya utando unaofunika ugwe. Limfoma huweza kushambulia mfupa pia, lakini ni njia hii ya vitunduni inayowapotosha wengi, maana eksirei hutoka safi.

Ndani ya mfereji ule hakuna nafasi ya ziada. Vinavyobanwa mwanzo ni vijishipa vya vena vinavyoondoa damu. Damu ikikwama, maji huvuja na ugwe huvimba, na ukivimba hujibana zaidi. Mwisho damu safi nayo haifiki, na chembe za neva zilizokufa kwa kukosa damu hazioti tena. Hapo ndipo saa chache zinapoamua kama mtu atatembea au la.

Dalili ya kwanza karibu kila mara ni maumivu ya mgongo, mara nyingi usawa wa kifua, maana sehemu hiyo ndiyo hubanwa zaidi. Huwa makali usiku na mtu anapolala chali, na akikohoa au kupiga chafya yanaweza kumzunguka kifuani kama mkanda. Udhaifu wa miguu na ganzi hufuata. Mkojo kugoma na choo kutodhibitika mara nyingi ni dalili za kuchelewa. Daktari makini huchukua kitu chenye ncha na kumgusa mgonjwa taratibu kuanzia mguuni kwenda juu, akimuuliza anahisi nini. Hisia zikirudi ghafla usawa wa kitovu, atashuku neva ya kumi ya kifua au sehemu iliyo juu yake. Hata hivyo kipimo kinachotakiwa ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya mgongo mzima, kwa sababu ugwe unaweza kuwa umebanwa zaidi ya mahali pamoja.

Matibabu huanza haraka kwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kwa saratani nyingi kazi yake hapa ni kupunguza uvimbe wa ugwe tu. Kwa limfoma ina kazi ya pili: inaua chembe za saratani zenyewe. Ni neema yenye mtego. Kama ugonjwa bado haujathibitishwa, dawa inaweza kusinyaza uvimbe wa saratani kiasi kwamba kinyama kitakachokatwa kwenda maabara kisitoe jibu. Kwa hiyo ikiwezekana kinyama hukatwa kwanza. Lakini kama miguu inaendelea kulegea, naona hakuna hoja ya kusubiri.

Je, apasuliwe? Utafiti maarufu wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa upasuaji ukifuatwa na mionzi huwarudisha wengi kwenye kutembea kuliko mionzi peke yake, ila wagonjwa wa limfoma hawakuhusishwa, kwa sababu uvimbe wao husikia sana mionzi. Kwao tegemeo ni tiba ya mionzi, tibakemikali, au vyote viwili. Kisu hubaki kwa ambaye pingili zake zimelegea, au ambaye kinyama chake hakipatikani kwa njia nyingine.

Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, inaweza kumpoozesha mtoto miguu kabla ya dalili nyingine kutiliwa maanani. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, lakini kwa kasi hiyohiyo huyeyuka kwa dawa kama saiklofosfamaidi.

Anayeanza tiba akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Miguu ikishapooza kabisa kwa zaidi ya siku mbili, matumaini hupungua sana, ingawa wenye limfoma hupona vizuri kuliko wenye saratani nyingine nyingi. Aliyewahi kutibiwa limfoma, hata kama ni miaka iliyopita, akipata maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi au mkojo kugoma, asingoje tarehe ya kliniki. Aende kitengo cha dharura siku hiyohiyo, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba aliwahi kuugua limfoma.