Funza wa embe hauawi na dawa ya kupulizia

Kila msimu wa embe wakulima huniuliza: dawa gani inaua funza? Nami huwajibu kwamba wa kuwindwa ni mama yao, tena kabla hajataga.

Nzi wa matunda anayetusumbua zaidi, Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia. Aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga chini yake. Siku moja au mbili baadaye mayai yameanguliwa na funza wako ndani wanakula. Ukipulizia wakati huo, dawa inabaki juu ya ganda. Wakishakua hutoka kwenye tunda, hujifukia udongoni sentimita chache na kuwa pupa, hatua ya kugeuka nzi. Huko nako dawa ya majani haifiki.

Jike mpya, hata hivyo, hatagi mara moja. Wiki ya kwanza na zaidi huhangaika kutafuta protini ili mayai yake yakomae, na hapo ndipo tunapomnasa. Tunampa chambo cha protini chenye spinosadi, sumu inayotokana na bakteria wa udongoni. Chambo cha GF-120 kina spinosadi asilimia 0.02 tu, na kinatosha kwa kuwa nzi anakilamba mwenyewe. Sumu husisimua neva bila kukoma: miguu hutetemeka, nzi huanguka chali akipigapiga mbawa, halafu hupooza. Hayo huchukua saa kadhaa, kwa hiyo usikimbilie kusema dawa ni feki.

Usioshe mti mzima. Doa la mita moja ya mraba kwenye majani ya kila mti linatosha, kwa matone makubwa, bila kugusa matunda. Anza embe zikiwa changa na urudie kila wiki hadi mavuno yaishe, maana jua huivunja spinosadi na mvua huiosha. Pulizia nyuki wakiwa hawajatoka. Dawa ikiwa haijakauka inawaua.

Kinachoniuma ni kuona shamba likinyweshwa dimethoeti, sumu ya wadudu ya kawaida, juu hadi chini. Hapo anakufa pia Fopius arisanus, nyigu mdogo anayetaga ndani ya mayai ya nzi, ambaye watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walimleta kwa kazi hiyohiyo.

Na embe zilizoanguka? Ziokote zote, uzifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani siku kadhaa. Zungumza na jirani naye aokote zake, kwani jike anayevuka kutoka kwake akiwa na mayai yaliyokomaa anaweza kutaga kwako kabla hajaonja chambo.