Deni likifutwa, hakuna hela inayoingia

Wiki iliyopita niliitwa kuzungumza na vijana kwenye semina ya bajeti hapa Dodoma. Hata salamu sijamaliza, kijana mmoja akasimama: "Mama, zile hela alizotuchangia Bono ziliishia mifukoni mwa nani?" Ukumbi ukapiga makofi. Swali hilo nimeulizwa Chamwino, nimeulizwa Kongwa, nimeulizwa hadi msibani, na siku zote najibu kwa mkato kwa sababu muda hautoshi. Leo nalijibu kwa kirefu. Inaniuma kuona watu wana hasira ya haki kabisa, halafu wanaimalizia pasipohusika.

Bono, yule mwanamuziki wa Ireland, hakutuchangia hela. Live Aid, tamasha la muziki la Julai 1985, ilikusanya michango kweli, na iliandaliwa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Live 8, matamasha ya Julai 2, 2005, haikuwa harambee. Ilipangwa makusudi kuwabana wakuu wa G8, kundi la mataifa manane makubwa kiuchumi, waliokutana Gleneagles, Uskoti, siku nne baadaye. Bob Geldof, mwanamuziki mwandaaji wa matamasha hayo, alikuwa tayari ameketi kwenye Tume ya Afrika iliyoundwa na Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza, mwaka 2004, meza moja na Rais wetu Benjamin Mkapa. Mwaka 2002 Bono alizunguka Ghana, Afrika Kusini, Uganda na Ethiopia pamoja na Paul O'Neill, Waziri wa Fedha wa Marekani. Hiyo ni kazi ya ushawishi, na naiheshimu. Msanii anafunguliwa milango ambayo ofisa wa Hazina yetu anaweza kuibisha mwaka mzima.

Gleneagles kulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, misaada: waliahidi kuiongezea Afrika dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010, na nyongeza iliyotoka haikufika hata nusu. Tuliache hapo.

La pili ni madeni, na hapa sitaki haraka, maana ndipo kila mtu anapopotea. Tangazo lilisema madeni ya dola bilioni 40 ya nchi 18, Tanzania ikiwamo, yatafutwa. Mwananchi akisikia hivyo anaona meli imetia nanga Dar es Salaam. Sasa chukua mkopo wa IDA, dirisha la mikopo nafuu la Benki ya Dunia, kwa masharti tuliyokopea miaka ile. Unalipwa kwa miaka 40. Miaka 10 ya mwanzo hugusi deni lenyewe, unalipa tozo ya asilimia 0.75 tu. Miaka 10 inayofuata unarejesha asilimia 2 ya mkopo kila mwaka, na 20 ya mwisho asilimia 4. Kama mkopo ulikuwa dola milioni 100 na umefutwa ukiwa mwaka wa 12, gazeti litaandika karibu milioni 100. Hazina mwaka huo imepata nini? Imepona kutoa milioni 2 na tozo yake. Haikupokea hata senti. Ni sawa na mtu aliyesamehewa deni la dukani: hajapewa hela, ila mwisho wa mwezi mshahara wake haukatwi.

Na bado kuna kipengele ambacho sijawahi kusikia kikisemwa jukwaani. Baada ya msamaha huo kuanza kutekelezwa mwaka 2006, IDA ilipunguza mgao mpya wa kila nchi kwa kiasi kilekile cha rejesho lililosamehewa. Fedha walizotoa wafadhili kuziba pengo ndizo zikagawanywa upya kwa fomula. Kwa hiyo hata ile milioni 2 usiihesabu yote kuwa nyongeza. Ukikosa kujua hili, utamtafuta mwizi wa fedha ambazo hazikuwahi kuwepo, na yule aliyeiba zilizokuwepo atakupita mlangoni akikusalimia.

Basi tulipata nini? Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya msamaha wa awali, ule uliopiganiwa na kampeni ya Jubilee 2000. Mwaka huohuo ada ya shule za msingi ilifutwa, na 2002 MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza. Mwaka 2003 nilikuwa ofisa mipango, nikaenda kukagua madarasa kijiji kimoja upande wa Bahi. Tofali walikuwa wamechoma wanakijiji wenyewe. Serikali ilileta saruji na mabati. Darasa la kwanza lilijaa hadi mlangoni, mtoto wa miaka 7 kakaa sakafuni pembeni ya kijana wa 13 aliyekuwa akichunga ng'ombe wakati wenzake wanalipa ada. Mwalimu mkuu alinionyesha daftari la mahudhurio: kurasa zilikuwa zimekwisha, ameongeza karatasi kwa kuzishona na uzi. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kilichokuwa kimemfikia hakikukaribia hapo, na aliniuliza tarehe, si kiasi.

Je, yale mabati yalitokana na msamaha wa deni? Sijui, na nilitakiwa kujua. Fedha ikishaingia Mfuko Mkuu wa Hazina haina jina. Inachanganyika na kodi ya bia na ushuru wa bandari. Kwenye taarifa tuliandika kana kwamba shilingi hii imezaa dawati lile, kwa sababu fomu ilitaka hivyo. Niliziandika mimi, na zinanisumbua mpaka leo. Dawa za kufubaza virusi zilizoletwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi aliouanzisha Rais George W. Bush mwaka 2003, angalau unaweza kuzifuata boksi kwa boksi hadi kliniki.

Kijana wa semina alinifuata nje, bado ana kinyongo. Nikamwambia, mwanangu, uliza rejesho ambalo hatukulilipa mwaka ule lilipelekwa fungu gani, na ni halmashauri ipi ilipokea kiasi gani na tarehe ngapi. Nilimpa nakala za kurasa za Fungu 22, Deni la Taifa, za miaka mitano mfululizo. Jana amenipigia: amefika mwaka wa pili, na anataka kujua kwa nini kilichoidhinishwa na kilicholipwa havilingani.